SANDUKU LA MAZISHI NA SANDUKU LA UZAZI

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa idhini ya Halmashauri



Kwa desturi kazi ya karani katika mkutano huu ni kusoma hesabu za mwaka, kujibu maswali, kisha kuketi. Mwaka huu Halmashauri imetutaka tuongeze maneno juu ya jambo moja ambalo tulilikuta humo humo katika hesabu, na ambalo tumeona haifai kulinyamazia.

Mwajua ya kuwa Chama hiki kiliundwa na wazee waliokuja Mombasa kutafuta kazi, ili mmoja wao akifia ugenini asiachwe, bali arudishwe kuzikwa kwao katika vilima vya Taita. Kazi hiyo imefanywa kwa uaminifu hata leo. Katika daftari la mwaka huu mtaona gharama za jeneza, za gari la kupandisha maiti, na za chakula cha wafiwa. Hapana mwanachama aliyekataa kutoa fungu lake, na jambo hilo ni sifa kwetu sote.

Lakini tulipokuwa tukifunga daftari tulisoma tena sababu za vifo. Tuliwakuta humo mama waliofariki katika uzazi, na watoto wachanga waliozikwa kabla ya kupewa jina. Ndipo tukarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta mahali ambapo Chama kililipa gari la kumpeleka mama hospitali angali hai. Hatukupaona. Hatuwezi kumlaumu mtu mwingine kwa hilo, maana daftari ni letu na mwandiko ni wetu.

Basi leo twataka kusema juu ya swali hili: Mama azalie wapi, na ni nani aamuaye?

Katika mabaraza yetu jambo hili hubishaniwa kwa pande mbili. Wengine husema, "Sisi sote tulizaliwa nyumbani, nasi tupo." Wengine husema, "Mpelekeni hospitali, na kazi imekwisha." Kwa heshima, twaona ya kuwa kila upande umeshika nusu ya jambo.

Wanaosema kwamba sote tulizaliwa nyumbani husahau ya kuwa wale waliokufa siku ile hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa katika mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu ya mimba na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku, na karibu wote walikuwa katika nchi zisizo na mali nyingi. Sababu zilizo kubwa zajulikana: damu kumwagika baada ya mtoto kutoka, kifafa cha mimba, homa ya uzazi iletwayo na uchafu kuingia mwilini, na mtoto kukwama njiani. Mama aliye mzima kabisa aweza kuishiwa na damu kwa muda wa saa chache. Tena mambo haya hayapigi hodi. Mama aliyezaa salama mara tano aweza kupatwa nayo mara ya sita, wala hapana mkunga, hata awe na hekima namna gani, awezaye kuapa tangu asubuhi kwamba jioni damu haitamwagika. Kwa hiyo kumwacha mama azalie mahali pasipo na dawa, pasipo na mtu aliyefundishwa, wala njia ya kutoka, ni kumwekea mwenzetu dau bila yeye kujua.

Lakini na hao wanaosema "Mpelekeni hospitali, na kazi imekwisha" hawana budi kusikilizishwa, maana nyumba kubwa yenye vitanda vingi haiponyi mtu kwa ukubwa wake. Historia yatufundisha hivyo kwa mfano wa mji wa Vienna, katika nchi ya Austria. Hospitali Kuu ya mji ule ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ilikuwa ya wakunga. Katika mwaka 1846, kati ya mama 100 waliozaa katika wodi ya madaktari zaidi ya 11 walifariki, na katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Wanawake walijua habari hiyo, wakawa wakiomba kwa machozi wasiingizwe katika wodi ya kwanza. Hata wale waliozaa njiani kabla ya kufika lango walipona kuliko waliolazwa humo.

Daktari Ignaz Semmelweis aliyekuwa akifanya kazi katika wodi ile aliutafuta mzizi wa jambo hilo. Akatambua ya kuwa madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wakaja moja kwa moja kuwashika wazazi. Mwaka 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Katika mwaka 1848 vifo katika wodi ya madaktari vilishuka vikawa kama 1 tu katika kila 100, sawasawa na wodi ya wakunga. Jengo halikubadilishwa, wala vitanda. Kilichobadilika ni mikono.

Mfano wa pili ni wa siku zetu. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza walitangaza habari za mama karibu 65,000 ambao mimba zao hazikuwa na dalili ya hatari. Kwa wale waliokwisha kuzaa kabla, waliopanga kuzalia nyumbani hawakuonekana kuwahatarisha watoto wao kuliko waliopanga kuzalia hospitali. Lakini kwa wenye mimba ya kwanza, mtoto kufa au kupatwa na dhara kubwa kulionekana mara 9 hivi katika kila uzazi 1,000 uliopangiwa nyumbani, na mara 5 hivi katika ule uliopangiwa wodi za madaktari. Tena karibu nusu ya hao wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani hawakumalizia huko, bali walihamishwa kupelekwa hospitali.

Twaomba neno hili lipimwe vizuri, maana wapo watakaolisikia nusu. Nyumba ya Uingereza inayosemwa hapo si nyumba yetu ya kilimani. Ni nyumba yenye mkunga aliyesomea kazi, mwenye dawa mkobani, na barabara ya lami mlangoni, na gari la wagonjwa liitikialo simu. Kwa kweli mama yule hakuzalia mbali na hospitali. Alizalia katika tawi lake. Sisi tukisema "nyumbani" twasema jambo jingine kabisa.

Sasa tuje Kenya yetu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 na 2009, watoto kama 4 tu katika kila 10 walizaliwa hospitalini au zahanati. Mwezi wa Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake. Katika uchunguzi wa mwaka 2014 hesabu ilikuwa 6 katika kila 10, na katika ule wa 2022 ilipita 8 katika kila 10. Haya ni maendeleo makubwa, nasi twayashukuru. Lakini tazameni hesabu ya pili. Watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 31 katika kila 1,000 katika uchunguzi wa kwanza, wakashuka kuwa 22 mwaka 2014, kisha mwaka 2022 wakawa 21. Mama wengi zaidi wameingia lango la hospitali, na hesabu ya watoto wachanga wanaozikwa imesogea kidole kimoja tu. Maana yake ni kwamba kufika langoni ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Na mwaka 2017, wauguzi wa hospitali za serikali walipogoma kwa muda wa miezi mitano, majengo yalisimama pale pale. Lakini jengo lisilo na muuguzi halimzalishi mtu.

Wala si kwamba dawa ya jambo hili haijulikani. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa mama zaidi ya 200,000. Mama akiisha kujifungua, waliweka chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, ili damu isikisiwe kwa macho bali ipimwe. Damu ikizidi kipimo, wauguzi walifanya mambo yote pamoja bila kungoja: kusugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, kutoa dawa, kuweka maji ya mshipani, na kutazama damu yatoka wapi. Kwa njia hiyo matukio ya damu kumwagika vibaya sana, pamoja na kupasuliwa au kufa kwa ajili yake, yalipungua kwa 60 katika kila 100. Hospitali zilikuwa zile zile. Kilichoongezwa ni kipimo, mafundisho, na kutokukawia.

Basi tukiulizwa mama azalie wapi, jibu letu si jina la nyumba. Jibu letu ni maswali, na kila mume na kila mkwe imempasa kuyauliza mapema, mimba ingali changa. Je, mahali pale pana mkunga au muuguzi aliyefundishwa, mchana na usiku? Je, pana dawa ya kukaza mji wa mimba, na friji ya kuihifadhi, maana dawa ile huharibika kwa joto? Je, pana kifaa cha kumpulizia pumzi mtoto asiyelia, na mtu ajuaye kukitumia katika dakika ile ya kwanza? Je, hospitali yenye daktari wa kupasua na akiba ya damu iko umbali gani, na gari la kwenda huko ni la nani? Zahanati ndogo yenye majibu mema yaweza kumfaa mama kuliko hospitali kubwa isiyo nayo. Lakini mwenye mimba ya kwanza, mwenye pacha, aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kumwaga damu, na mwenye presha, hao hawafai kukaa mbali na hospitali kubwa siku zao zikikaribia.

Wazee wetu, hatusemi haya kama watu waliosoma tu. Mwenzetu wa nyumbani ametupa ruhusa kueleza yaliyotupata, naye yupo hapa pamoja na mama zetu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika hospitali moja ambayo hatuitaji jina. Mama yake alilazwa kitanda kimoja na mwingine, na alipolia kwa uchungu aliambiwa maneno ambayo hatuwezi kuyarudia mbele ya wazee. Mtoto alitoka mzima, nasi tukasahau. Yeye hakusahau. Mimba ya pili ilipokuja alipanda kwenda kwa mama yetu kilimani, akasema hatakwenda tena mahali anapotukanwa. Mama yetu alitupigia simu Mombasa kuuliza shauri. Tulijibu, "Amueni huko huko." Tulijiona tumempa heshima. Kweli ni kwamba fedha zilikuwa chache, na jibu lile lilikuwa rahisi kuliko majibu mengine.

Uchungu ulimshika usiku wa mvua ya Novemba. Mtoto alitoka salama mikononi mwa bibi mkunga ambaye amewapokea watu wengi wa kijiji chetu, lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu ikaanza. Twapenda ijulikane ya kuwa bibi yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Huyu si wangu tena, mchukueni." Mwenye gari alitaka fedha kwanza, na hatumlaumu, maana amewahi kudhulumiwa. Simu ikatufikia saa saba za usiku. Tulikwenda mlango hata mlango tukikopa, na fedha za gari zilitimia karibu na alfajiri. Alifika hospitali akiwa hajijui. Walimtia damu iliyotolewa na mtu tusiyemjua hata leo, wakauondoa mji wa mimba, akapona. Hatazaa tena.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa Chama hiki alitujia kwa upole, akatueleza jambo ambalo halijatutoka moyoni. Usiku ule ule habari zilipoenea kwamba mke wa karani amekufa, wanachama walianza kuchanga. Kabla ya jua kuchomoza fedha za jeneza na za gari la wafiwa zilikuwa zimekwisha kutimia, nazo zilizidi zile za gari tulizokuwa tukizitafuta kwa mguu.

Ndugu zetu, walichanga kwa mapenzi, nasi twawashukuru. Lakini twaomba kila mmoja alitafakari jambo hilo atakapokwenda kulala leo.

Twajua yapo maneno ya kupinga. Wazee wetu wengine wasema si vizuri kumtayarishia mtoto ambaye hajazaliwa, kwani ni kama kuita msiba. Twauheshimu wasiwasi huo, maana umetokana na machozi ya watu waliozika wengi. Lakini Chama hiki humtayarishia kila mmoja wetu jeneza tangu siku anapojiunga, na hatujasikia mtu akisema twaita kifo. Tukiweza kuweka akiba kwa ajili ya siku ya kufa bila kuogopa, twaweza kuiweka kwa ajili ya siku ya kuzaliwa. Wengine watasema Serikali ndiyo yenye kazi hii. Ni kweli, na Katiba ya mwaka 2010 yasema ya kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini Katiba haitateremka kilimani usiku wa mvua kumbeba mama. Hapo ni sisi kwa sisi.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mashauri matano, mkiyapenda mtayapitisha.

Kwanza, liwepo Sanduku la Uzazi, mbali na Sanduku la Mazishi, na sehemu ya mchango wa kila mwezi iingie humo. Fedha zake zitolewe usiku huo huo kwa neno la wazee wawili na karani, bila kungoja mkutano.

Pili, kila mwanachama ambaye mkewe au bintiye ametimiza mwezi wa saba amwarifu karani kwa siri, aeleze mama atazalia wapi, na ni nani atakayempeleka. Na aliyetajwa katika hatari tulizozisema, Sanduku limsaidie kushuka mapema, akae kwa ndugu walio karibu na hospitali hadi siku yake.

Tatu, tufanye mapatano na wenye magari katika vijiji vyetu, kwamba waondoke wakiitwa, na Chama kiwe mdhamini wa malipo yao.

Nne, wanachama wenye afya tujiandikishe kutoa damu. Mwanamume mzima aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, wala hapungukiwi na kitu. Deni la damu aliyopewa mwenzetu, sisi tumeanza kulilipa.

Tano, wazee wetu na mama zetu waende kwa adabu kwa wakuu wa hospitali na zahanati zetu, wawaambie ya kuwa tusi moja katika wodi laweza kumrudisha mama kilimani, na huko ndiko anakofia. Tena wawaombe wakunga wetu wa kienyeji wapokewe kama wasindikizaji, wasifukuzwe langoni, maana mama humwamini aliyemjua.

Wazee wetu, uamuzi wa mahali pa kuzalia haufanywi na mama peke yake usiku uchungu unapomshika. Hufanywa miezi mingi kabla, na mume anayesema hana fedha, na mkwe anayesema "sisi tulizalia hapa," na Chama kilichoweka fedha zake zote upande mmoja. Sisi tulikuwa miongoni mwao, tuliposema "Amueni huko huko." Tumelisema mbele yenu ili pasiwe na mwingine atakayelijibu vile.

Bwana Mwenyekiti, mashauri yako mezani. Daftari jipya tumekwisha kulinunua, na ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi mpaka mkutano utoe neno lake.